Vyuma vya Matundu

Mabati ya Dorkas yalishushwa kwenye lori bati moja moja, na mwenyewe alishika ncha ya kila moja asije akaambiwa kwamba alisimama tu akitazama mali yake ikiondoka. Yalikuwa yamekaa mwaka mzima chini ya kitanda cha mama mkwe wake, yamefunikwa magunia, yakisubiri fundi. Sasa yalikuwa yanarudi palepale yalikotoka, katika ua wa nyuma wa duka la Velji, pale Same, mkabala na reli.

"Taratibu, mama, usiinamishe," Velji alisema. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kikohozi kisichokwisha, na hakuwa mtu mbaya. "Likipinda nitamuuzia nani?"

"Hayajapinda," Dorkas akajibu. "Nimeyatunza kuliko unavyotunza wewe."

Velji akacheka akakohoa. Eliufoo, mumewe Dorkas, hakucheka. Alikuwa amekwisha piga magoti kule pembeni, mbele ya vitu alivyovijia. Alikuwa dereva wa jeshi kule Burma, na vita vilipokwisha alirudi na tumbo la kuumwauma na fedha za kununulia lori kuukuu la jeshi. Lori hilo ndilo lililokuwa shamba lao, ng'ombe wao na ada ya binti yao Priska shuleni. Watu wa Ivuga, kijiji chao kule juu milimani, waliliita Gari Letu, na Eliufoo hakuwahi kuwasahihisha.

Hapo chini palikuwa na zana za kunasulia lori lililokwama: mbao nene za mvule zilizofungwa ukanda wa chuma kila ncha, mnyororo wa kuvalisha tairi uliokula kutu, na rundo la vyuma virefu vyenye matundu vilivyoachwa na jeshi. Eliufoo aliingiza vidole vyake katika matundu ya chuma kimoja baada ya kingine, akakilaza chuma ubavu, akafumba jicho moja kutazama kama kimenyooka.

"Hivi navijua," alisema. "Kule Burma tulivitandaza topeni na ndege nzima ikatua juu yake. Ndege, Velji, siyo lori."

"Mimi nauza vyote, kwa hiyo sina upande," Velji alisema. "Lakini nitakwambia. Ubao ni mwepesi, mtu mmoja anabeba. Ukizama huibuka tena, unauona. Chuma kikizama, kimekwenda."

"Ubao ndio uliomvunja Hezroni."

Velji hakumjua Hezroni. Dorkas alimjua. Masika yaliyopita lori lilikwama katika Korongo la Mfinga, pale njia inapovuka mchanga na udongo mweusi kabla ya kuanza kupanda mlima. Watu wa Ivuga waliteremka kulisukuma kama kawaida yao. Tairi lilizunguka, likautema ubao nyuma, ukampiga Hezroni kwenye muundi. Mfupa uliunga vibaya. Tangu siku ile Hezroni alitembea kwa mkongojo, mkewe Hedwiga akilima peke yake, na Eliufoo hakupita mbele ya nyumba yao bila kuinamisha kichwa.

"Na udongo wa kule Burma," Dorkas aliuliza, "ulikuwa kama huu wa kwetu?"

"Tope ni tope, Mama Priska."

"Nauliza tu. Naona matundu yenyewe madogo. Ule udongo mweusi ukishaingia humo, kitabaki kitu gani cha kushika tairi?"

Eliufoo alimtazama kwa upole. Kama angekasirika pengine wangebishana, na katika kubishana pengine wangeondoka na mbao. Lakini hakukasirika. "Sitaki mtu mwingine avunjike kwa ajili ya gari langu," alisema. "Nikiwa na vyuma hivi sihitaji bega la mtu. Nyumba ina nyasi, nyasi tutaongeza. Mguu hauongezwi."

Ungemjibu nini mtu anayesema hivyo? Dorkas alilishusha bati la mwisho.

Mabati yote yalitosha kwa vyuma viwili. Velji alisema lori la namna ile linataka vinne, mbele na nyuma. Eliufoo akasema nguvu ya lori iko nyuma. Alivichagua viwili vilivyonyooka kuliko vyote, akavifunga ubavuni mwa bodi kwa kamba ya katani, na njia nzima hadi Mfinga viligongana na kulia, naye akatabasamu.

*

Ni lazima ifahamike jinsi lori lile lilivyokuwa likivushwa korongo kabla ya vyuma. Mzee Anaeli, mtunza pembe, alikaa ukingoni mwa mlima, na kutoka uani kwake aliliona korongo lote. Lori likikwama, alitoka na pembe akaipiga. Ni pembe ileile iliyowateremsha watu hadi bomani Same mwaka ule wa mbiru, walipoikataa kodi ya serikali wakakaa pale na njaa yao. Pembe ikilia ni msaragambo, kazi ya wote, na msaragambo hauna udhuru. Aliye jikoni huacha makande motoni, aliye shambani huteremka na jembe lake. Barabara yenyewe ililimwa hivyo, mifereji ilichimbwa hivyo. Basi watu walishuka, wakalisukuma Gari Letu, na Eliufoo alikanyaga mafuta bila kusimama hadi kwenye Jiwe la Kobe, ng'ambo ya korongo, ambako ardhi ni ngumu. Hapo alizima injini akawasubiri. Wote walipanda, matope hadi kiunoni, wakapanda mlima wakiimba. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyelipa nauli siku ya kupeleka ndizi zake gulioni.

Jumapili ile watu walipotoka kanisani walikuta vyuma vimelazwa kwenye majani. Eliufoo alikuwa amevaa koti lake la jeshi. Aliwaonyesha matundu, akawaonyesha ndoano za pembeni, akapanda juu ya kimoja akarukaruka. Vijana walicheka, kina mama wakagusa. Hapo angeishia, mambo yangekuwa mengine.

"Wazee wangu na ndugu zangu," alisema, "mmenibeba vya kutosha. Mmoja wetu ameumia. Kuanzia leo gari langu halitapigiwa pembe tena. Pumzikeni."

Alilisema neno hilo la mwisho kwa moyo mweupe, na Dorkas alimwona machozi yakimlengalenga. Alidhani anawapa zawadi. Lakini Dorkas alikuwa amesimama upande wa watu, na aliona nyuso zikifungika.

Mzee Anaeli alisogea mbele. "Umesema tupumzike?"

"Ndiyo, baba."

"Umeifunga pembe?"

"Kwa gari langu tu, baba. Mkiniita mimi nitakuja kama siku zote."

"Utakuja kwetu, ila sisi tusije kwako." Mzee hakuuliza. Alikuwa anayapanga maneno tu ayatazame vizuri. "Haya. Tumesikia."

Hezroni alijikongoja kutoka nyuma, mkongojo ukizama majanini. "Eliufoo, ni mguu wangu uliokupeleka kununua hivi?"

"Ni mguu wako, ndugu yangu."

"Basi ungeniuliza kwanza." Alikigusa chuma kimoja kwa ncha ya mkongojo. "Mimi sikuwa nasukuma gari lako. Nilikuwa nasukuma gari letu. Sasa umelifanya lako, na mguu wangu umekuwa ajali ya bure."

Watu walianza kuondoka wakizungumza habari za maharage.

*

Mwanzoni vyuma vilifanya kazi, na hilo ndilo lililoharibu zaidi. Mvua za vuli zilikuwa za wastani. Lori lilizama mara chache katika mchanga, Eliufoo aliviweka chini ya matairi ya nyuma, likanyanyuka likatoka. Alifika nyumbani akihadithia jinsi chuma kilivyoshika, akimwonyesha mama yake kwa kijiko na ugali.

"Na watu?" Bibi Eliwaza aliuliza. Alikuwa mzee sana, na aliposema alimtazama Dorkas, siyo mwanawe.

"Watu wamepumzika, mama."

"Watu hawapumziki. Watu huwa wapo au hawapo."

Wakati huo ndizi zilikuwa zimeanza kupita mbele ya nyumba yao vichwani mwa wanawake. Wanawake walewale waliokuwa wakirusha mikungu yao katika bodi bila hata kusalimia, sasa waliondoka alfajiri wakateremka kwa miguu hadi Same, wakalipita lori likiwa limesimama na bodi tupu. Eliufoo alitoka akawaita. "Shemeji Hedwiga, leta huo mkungu, naondoka sasa hivi!" Hedwiga aliitikia kwa heshima kamili, tena kwa sauti nzuri: "Ahsante, shemeji, tusije tukakuelemea." Akaendelea na safari. Hakuna aliyemtukana, wala aliyemnunia. Waliacha tu kumzoea, na Eliufoo ilimbidi atafute mizigo ya wenye maduka, waliomlalia kwenye bei kwa kuwa walijua hana mwingine.

Kisha pembe ililia kwa ajili ya ndiva, bwawa la maji ya mifereji ambalo kila mwaka huzibuliwa kabla ya masika. Dorkas alichukua jembe lake akaenda kwa haraka, na kwa furaha, maana alitamani sana kuitwa. Alikuta kamba imekwisha tandazwa na kila nyumba imekatiwa kipande chake. Alikwenda mwanzo hadi mwisho. Kipande chao hakikuwepo.

"Shikamoo, baba," alimwambia Mzee Anaeli. "Sisi tumewekwa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nyinyi mmepumzika."

Wanawake waliinama zaidi kwenye kazi. Dorkas alisimama pale na jembe lake begani, na aibu ikampanda kutoka miguuni, aibu ya mtu mzima aliyesahauliwa chakula kikipakuliwa. Kisha aliingia kwenye tope mahali popote, kati ya Hedwiga na jirani mwingine, akaanza kuchota. Hedwiga akasogea kumpa nafasi. Alisogea kama unavyompisha mgeni asichafue nguo yake, na hilo lilimuuma Dorkas kuliko kama angemsukuma.

Maji ya mfereji walipewa. Walipewa mwisho, jua likiwa limezama, na aliyekuja kuwaambia alibisha hodi kwanza.

"Nenda ukaseme nao," Dorkas alimwambia mumewe. "Chukua mbuzi, nenda kwa Mzee Anaeli, useme mbele ya watu kwamba ulikosea."

"Nimekosea nini? Nimewazuia kuvunjika miguu."

"Baba Priska."

"Niambie kosa langu, nami nitaliomba radhi. Siwezi kuomba radhi ya kosa nisilolijua."

Hakuwa na kiburi hata chembe. Dorkas alitamani kingekuwa kiburi, maana mwenye kiburi huchoka nacho siku moja. Mumewe alikuwa na hakika ya wema wake, na hakika hiyo haikuwa na mlango wa kubishia.

*

Masika yalipofika yalifika kwa hasira. Siku hiyo walitoka Same mchana na chumvi, unga na mafuta ya taa ya wenye maduka wa Ivuga. Dorkas alikaa mbele pamoja na mumewe, kwa sababu alikuwa amekwenda kupeleka vitu vya Priska stesheni. Kule chini kulikuwa na jua. Juu ya milima mawingu yalikuwa yamekaa mazito, meusi kabisa.

"Huko juu inanyesha," Dorkas alisema.

"Tutavuka kabla maji hayajafika."

Waliingia Mfinga. Mchanga ulikuwa umefunikwa na udongo mweusi uliosombwa usiku, na lori lilikwenda vizuri hadi katikati, likapunguza mwendo, likakaa. Eliufoo hakufadhaika. Alishuka, akafungua vyuma, akachimba kwa beleshi mbele ya kila tairi la nyuma, akaviingiza kwa magoti. Akarudi kwenye usukani. Tairi ziliparamia vyuma, zikashika, na kwa kitambo kidogo lori lote lilinyanyuka na Dorkas akamshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha udongo uliingia katika matundu. Ulijaa ukalainika, na vyuma vikawa vinateleza kama sabuni. Tairi la kulia lilizunguka juu yake likivuma, likakisukuma chuma chini, chini tena, hadi kikazama chote. Ekseli ilikaa kwenye tope. Eliufoo aliruka chini akaingiza mkono hadi begani akikitafuta. Alikipapasa mahali pale, akapapasa pengine, uso wake umelala topeni, macho yake yakimtazama Dorkas bila kumwona.

"Kiko hapahapa," alisema. "Nimekigusa."

Dorkas alitazama juu ya mlima. Ukingoni, uani kwa Mzee Anaeli, palikuwa na mtu amesimama. Alikuwa anawatazama. Hakuwa na pembe mdomoni.

Alivua viatu akavipachika dirishani, akakimbia. Njia ya miguu ya kupanda pale ni fupi lakini inakata pumzi, na alipofika alishika mti wa ua ndipo akaweza kuongea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pumzika kwanza."

"Gari limekwama."

"Nimeliona tangu linaingia. Nimesimama hapa, sijakaa."

"Piga pembe, baba. Maji yanakuja."

Mzee Anaeli alikuwa na pembe mkononi. Dorkas aliiona. "Pembe siyo yangu," mzee alisema. "Ingekuwa yangu, ningekwisha ipiga. Mumeo aliifunga mbele ya watu wote, kwa mdomo wake. Anayeifunga ndiye anayeifungua. Nikiipiga bila yeye, watakuja kwa kuwa mimi nimewaita, na kesho kila mtu ataifunga na kuifungua atakavyo, na barabara hii haitalimwa tena. Mwambie aje. Simtaki na mbuzi, simtaki na hotuba. Asimame hapa uani aseme, 'Niitieni watu.' Basi."

"Hakuna wakati, baba!"

"Basi kimbia, mwanangu."

Alikimbia. Alianguka mara moja, akachubuka magoti, akainuka. Chini alimkuta Eliufoo amekipata chuma, amekitoa, anakiosha kwa maji ya dimbwi, anachokonoa udongo tundu kwa tundu kwa kijiti. Nimesema hakika yake haikuwa na mlango. Alikuwa anachokonoa kwa utaratibu kabisa.

"Njoo useme mwenyewe! Neno moja tu, baba Priska, mzee amesimama na pembe mkononi!"

"Niache nijaribu mara moja tu. Kikiwa safi kitashika. Mara moja, Dorkas."

Alimwita kwa jina lake, Dorkas. Hakuwa amemwita hivyo tangu Priska azaliwe. Basi naye, kwa huruma, kwa kuchoka, kwa kuwa yule ni mume wake na alikuwa anamwomba, alimwacha ajaribu. Hilo alilibeba maisha yake yote. Aliinama akamsaidia kukiweka chuma sawa, akarudi nyuma. Lori lilinguruma, likajitikisa, likazama zaidi upande mmoja.

Ndipo Eliufoo aliposhuka, akampita mkewe akaanza kupanda mlima mbio, koti la jeshi likimpigapiga. Dorkas alibaki na lori. Alisimama kando yake ameweka mkono kwenye bodi. Baadaye alisikia pembe. Ililia ndefu, ikajibiwa na mlima wa pili, na mara kelele za watu zikaanza kutoka kila upande, milango, majina yakiitwa, majembe yakigongana. Hakuna aliyechelewa hata mmoja. Walikuja wote, wakiteremka kwa mbio kama watu waliokuwa wamekaa tayari miezi yote wakisubiri kuitwa, na Dorkas akalia kwa furaha, maana aliwaona na kamba zao, na Hedwiga mbele.

Walikuwa nusu ya mteremko pale maji yalipofika. Kwanza ulikuja upepo wa baridi wenye harufu ya udongo. Dorkas alirukia ukingo. Maji mekundu yalizunguka kona yakiwa na magogo, yakaligonga lori ubavuni, likaegemea kidogo, likaonekana kama litasimama. Kisha liligeuka taratibu, magunia ya unga yakatoka, mapipa ya mafuta ya taa yakatoka, na lori likaviringika na kwenda na maji. Viatu vya Dorkas vilikuwa bado dirishani.

Watu wa Ivuga walisimama ukingoni na kamba zao mikononi. Hakuna aliyethubutu kumtazama Eliufoo, aliyekuwa amesimama katikati yao akihema. Wa mwisho kufika alikuwa Hezroni. Alikuwa ameshuka mlima wote kwa mkongojo, kamba ameizungusha kiunoni, jasho likimtiririka. Alitazama korongo, akatazama watu.

"Nimesikia pembe," alisema.

*

Maji yalipopungua walilikuta lori mbali kule nyikani, limejaa mchanga hadi usukani, na mafundi chuma wa Same walilikatakata. Wenye unga na chumvi hawakusahau mali yao, na shamba la chini la Bibi Eliwaza lilikwenda kwa ajili hiyo. Priska alirudi nyumbani na sanduku lake. Nyumba iliongezwa nyasi, kama mwenye nyumba alivyosema, na Ivuga wote walikuja kuezeka. Dorkas na mumewe walikatiwa tena kipande chao kwenye ndiva. Watu walikuwa wema sana. Walikuwa wema kama watu wanavyokuwa wema msibani, na Eliufoo aliitikia kila salamu akiwa ametazama chini.

Chuma kimoja kilipatikana. Eliufoo alikipeleka kwa Velji ili akirudishe, na Velji, ambaye nimesema hakuwa mtu mbaya, alikohoa kwa muda mrefu kisha akasema chuma kimoja hakiuziki, lakini lori lake jipya la njia ya Ivuga linahitaji utingo anayejua korongo. Dereva alikwisha patikana. Ni kijana wa Ugweno, Aminiel, ambaye Eliufoo ndiye aliyemfundisha kuendesha.

"Dereva mwenye gari lililozama, watu wanaogopa kuweka mzigo," Velji alisema, akitazama pembeni. "Si mimi. Watu."

Eliufoo alichukua kazi.

Masika mengine yalipokuja, Dorkas alikuwa akiteremka kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani, pamoja na Hedwiga, walipoliona lori la Velji katikati ya Mfinga likipanda kuja kwao, limekaa. Abiria walikuwa wameshushwa wamesimama kando wakizungumza. Nyuma ya tairi, kwa magoti, alikuwepo mtu mwenye koti kuukuu la jeshi, akichokonoa udongo katika matundu ya chuma kwa kijiti.

"Mzee, fanya haraka!" Aminiel aliita kutoka dirishani. Hakuita kwa dharau, aliita tu kama dereva anavyomwita utingo.

"Tayari, bwana," Eliufoo alijibu.

Ukingoni juu pembe ililia. Mzee Anaeli hakuuliza lori ni la nani, kwa kuwa mwenye lori lile hakuwahi kumwambia mtu apumzike. Watu walishuka. Dorkas alitua mkungu wake kwenye majani, akakunja khanga, akaingia topeni, akaweka bega kwenye bodi lililopakwa rangi mpya, karibu na mumewe kiasi cha kusikia pumzi yake. Hawakutazamana. Wakasukuma. Tairi lilikanyaga chuma, likashika, lori likatoka likinguruma.

Halikusimama. Eliufoo alikuwa amemfundisha Aminiel hivyo, kwamba ukitoka topeni husimami hadi ardhi ngumu. Eliufoo alikitoa chuma topeni, akakitweka begani, akaanza kulikimbilia. Watu walifuata wakijipangusa, wakitazama Jiwe la Kobe mbele, kwa mazoea yao ya zamani. Lori lilifika kwenye jiwe, likalipita. Aminiel hakulijua jiwe lile kuwa ni la kusubiria watu, maana siku alizofundishwa, Eliufoo alikuwa na vyuma, na alikuwa hamsubiri mtu.

Eliufoo naye alilipita jiwe mbio, ameinama, chuma kikimgonga shingoni kwa kila hatua. Akashika ubao wa nyuma, ukamponyoka. Akashika tena.

Watu walisimama kwenye jiwe. Dorkas alisimama nao, matope hadi kiunoni, akamtazama mumewe hadi kona ilipomficha. Kisha Hedwiga akasema ndizi zinaanikwa na jua, nao wakarudi kuzichukua.